Haki ya Mbwa wa Malishoni Aliye Kilema

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiendacho juu ya ardhi akajidhaminia riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Yako mas'ala ambayo watu wa pwani huyacheka yatajwapo barazani, na aghlabu ya yanayochekwa ndiyo yenye haja ya kuangaliwa. Mas'ala yenyewe ni haya: Mwislamu akaaye katika nchi ya ng'ombe, akamkuta mbwa wa kuchungia aliyevunjika mguu, au aliyepofuka, au aliyezaliwa kiziwi, naye ametupwa na mwenyewe kwa kuwa hafai tena kwa kazi, je, yafaa kwake kumtwaa na kumlea? Na akiisha kumtwaa, lipi limlazimulo? Na yule aliyemtupa, je, ametupa kitu kisicho haki, au ametupa amana?

Mahali panapofaa kutolea mfano ni Ngana. Ngana ni kata katika wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, karibu na mto Songwe, ambao Wadachi na Waingereza waliufanya mpaka katika mapatano yao ya mwaka 1890, na leo ng'ambo yake ni nchi ya Malawi. Ni nchi ya mvua nyingi, ya migomba na mpunga, na mchele wa Kyela wajulikana hata Dar es Salaam. Wenyeji wake ni Wanyakyusa, na kwao ng'ombe si mali ya kuuzwa tu. Kwa ng'ombe hutolewa mahari, na kwa ng'ombe hujulikana heshima ya mtu. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa katika nchi hiyo miaka ya 1930, waliandika kuwa zamani ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na kuwa kuchunga ilikuwa kazi ya watoto wa kiume, ambao wakisha kufika umri wa miaka kumi au kupita kidogo walitoka majumbani mwa baba zao wakajijengea kijiji chao wenyewe.

Na mbwa aendaye na mchungaji katika nchi za Afrika ya Mashariki, kazi yake si kama kazi ya mbwa wa Uingereza au wa Australia, awazungukao wanyama na kuwaswaga kwa amri ya bwana wake. Mbwa wa huku kazi yake kubwa ni kuandamana na kundi, kunusa, kusikia, na kubweka ajapo mnyama mkali au mwizi, hata mchungaji akaamka akashika fimbo yake. Basi mtu wa pwani aliyehamia Kyela kwa biashara, naye akawa na ng'ombe wake watano au kumi, hana budi kukutana na mbwa, apende asipende.

Na la kwanza la kujulikana ni kuwa sharia haikumzuia. Imesihi katika Hadithi za Bukhari na Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoa habari kuwa mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, ila mbwa wa kundi la wanyama, au wa shamba, au wa kuwinda. Na katika Sura ya Maida Mwenyezi Mungu amehalalisha kula kinachokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa, na mbwa ni katika hao. Na katika Sura ya Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, amenyosha mikono yake kizingitini, na watu waliposhindana juu ya hesabu yao, mbwa naye alihesabiwa. Kwa hiyo mbwa wa malishoni hakuingia kwa dirisha. Ameingia kwa mlango uliofunguliwa na sharia.

Lakini hapa ndipo penye uzito. Ruhusa imefungamana na haja. Mbwa akiwa mzima, akilinda ng'ombe, hapana wa kumuuliza mwenyewe. Je, siku mbwa huyo akigongwa na gari katika njia iendayo mpakani, akabaki na miguu mitatu. Au akitiwa jicho na nyoka akapofuka. Au ikidhihiri kuwa ni kiziwi tangu kuzaliwa kwake, haisikii sauti ya mchungaji wala ya fisi. Haja imekwisha, na ruhusa nayo imekwisha? Wako wasemao: Naam, imekwisha, na atupwe. Na hoja zao ni tatu, na kila moja yastahili jawabu, wala haifai kudharauliwa.

Hoja ya kwanza ni unajisi. Husema: Mbwa ni najisi nzito, basi mbali naye ni bora. Na ni kweli kuwa katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, mbwa ni najisi, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Wala si wanavyuoni wote walioafikiana juu ya jambo hili, kwani Imam Malik alimwona mbwa aliye hai kuwa tohara, na kuoshwa chombo kuwa ni jambo la ibada. Lakini hata mtu akishika madhehebu ya Shafi kwa meno yake yote, na ashike, unajisi ni hukumu ya kuosha, wala si hukumu ya kudhulumu. Mtoto mchanga hujitia najisi mara kumi kwa siku, na hapana mama aliyemtupa kwa sababu hiyo. Huosha, akamrudisha kifuani. Na mgonjwa wa kuhara nguo zake ni najisi, na haki yake ya kuuguzwa haikupungua kwa hilo hata chembe.

Na dalili ya haya haiko mbali. Iko katika kitabu ambacho watoto wa pwani hukisoma chuoni kabla hawajaota ndevu, nacho ni Safinatu Najaa cha Sheikh Salim bin Sumeir, Mhadhrami aliyefia Batavia katika karne ya 19. Katika mlango wa kutayamamu, sheikh huyo ametaja sababu za kuacha maji na kutumia mchanga, na moja ya sababu hizo ni kuwa maji yahitajiwa na mnyama mwenye heshima aliye na kiu. Kisha akawataja wasio na heshima hiyo, nao ni sita, na katika jinsi ya mbwa hakumtaja ila mbwa mkali mwenye kuuma. Basi na azingatie mwenye kusoma: mtu yuko porini, wakati wa Sala umeingia, ana maji ya kutawadhia tu, na mbele yake mbwa asiyeuma ana kiu ya kumwua, sharia yamwambia ampe mbwa maji, naye asali kwa mchanga. Mbwa ni najisi, na kiu yake imetangulizwa mbele ya udhu. Aliyeyasoma haya utotoni akayakariri kwa moyo, kisha akasema kuwa unajisi waondoa haki, huyo amehifadhi maneno akayaacha maana yake.

Hoja ya pili ni ile ya kupungukiwa na thawabu. Husema: Madhali mbwa hachungi tena, kumweka ni kujipunguzia thawabu kila siku. Na hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na asiyeiogopa hana khofu ya dini. Walakini yatakikana iangaliwe kwa pande zake.

Upande mmoja ni kuwa kilema si kutofaa. Mbwa wa miguu mitatu hawezi kukimbia na kundi hata ukingoni mwa Songwe, lakini aweza kulala mlangoni mwa zizi na kubweka usiku. Mbwa kipofu hana macho, lakini pua yake na masikio yake ni mazima, na katika giza la usiku mwenye macho naye hana faida kubwa ya macho hayo. Mbwa kiziwi hasikii, lakini aona na anusa, naye hufundishika kwa ishara ya mkono. Katika Australia mna jinsi ya mbwa wa ng'ombe waliotokana katika karne ya 19 na kuchanganywa mbwa wa Kiingereza na dingo, ambaye ni mbwa mwitu wa huko. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa yapata mmoja katika kumi wa jinsi hiyo alikuwa na uziwi wa kuzaliwa nao, wa sikio moja au wa yote mawili. Na wengi katika hao hufundishwa na kukaa na watu vizuri, kwa kuwa mwenye kuwafundisha amebadili sauti akatumia mkono. Na Imam Nawawi na wengineo katika Mashafii wamepima juu ya kundi na shamba, wakaona yafaa mbwa wa kulinda nyumba pia kwa haja iliyo sawa na hiyo. Basi mwenye mbwa kilema na ajiulize kwanza kwa uaminifu: je, haja imekwisha, au imebadilika tu namna yake? Wengi wasemao mbwa hafai hawakumjaribu kwa kazi nyingine hata siku moja.

Upande wa pili ni wa mbwa aliyelemaa kabisa, asiyelinda wala asiyebweka. Huyo amri yake ni nini? Hapa yafaa kumsikiliza Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyekufa Misri mwaka 660 wa Hijra, yaani mwaka 1262. Katika kitabu chake cha Qawaid amezihesabu haki za wanyama juu ya binadamu, na miongoni mwa hizo ametaja kuwa mtu awape wanyama wake matumizi yawastahikiyo hata wakilemaa au wakiugua wasiwe na manufaa tena. Haki ya mnyama kwa mtazamo huo haikufungwa katika manufaa yake. Aliyekula nguvu za mnyama siku za uzima wake amebaki na deni siku za udhaifu wake.

Akisema mtu: Sheikh huyo amesema juu ya wanyama wenye kumilikiwa, na mbwa kwa Mashafii si mali, wala bei yake haifai, jawabu ni kuwa hilo ni kweli, mbwa hauzwi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza thamani ya mbwa. Lakini lisilouzwa si lazima liwe halina haki. Mtu huru naye hauzwi. Mbwa hutoka mkono huu kuingia mkono huu kwa kupewa, na mkono uliomshika ndio unaoulizwa. Kwa hiyo mwenye kumtwaa mbwa aliyetupwa hanunui kitu, wala hapati mali. Atwaa dhima tu. Na kwa ajili hiyo hapana awezaye kumtuhumu kuwa ametaka faida.

Kisha pana kisa ambacho kila Mwislamu amekisikia, nacho ni cha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imepokewa katika Sahihi mbili kuwa alimfungia paka. Hakumpa chakula, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Watu husoma kisa hiki wakasema: Basi sisi hatumfungi mbwa, twamwachia aende zake, tumeokoka. Na wala hawakuokoka. Paka mzima akifunguliwa hula, kwa kuwa ana miguu, na macho, na masikio. Mbwa aliyevunjika mguu, au aliyepofuka, akifunguliwa atakula nini, na kwa kukimbilia wapi? Kilema chake ndicho kamba yake. Aliyemfukuza njiani amemfungia paka wake pasipo kamba, na tafauti baina yake na yule mwanamke ni kuwa yeye hakukaa akatazama. Basi anayeogopa kupungukiwa na thawabu, na aogope pia adhabu ya mwanamke wa paka; kwani si akili mtu kujilinda na hasara ndogo kwa kujitosa katika kubwa.

Na lau mtu moyo wake haukutulia kukaa na mbwa asiye na kazi, basi na asimtupe. Na amtafutie mkono mwingine, wa mtu mwenye zizi au mwenye shamba, awe Mwislamu au si Mwislamu, atakayemtunza. Na shaka ikizidi, na awaulize wanavyuoni wa mahali pake, awaeleze hali ya mbwa kama ilivyo, wala asiifiche ili apate jawabu alipendalo. Lisilokuwa na njia ni kumwacha afe polepole kisha kuita hilo ni uchamungu.

Hoja ya tatu ni ya mali. Husema: Watu wana njaa, na mtu huyu ampa mbwa chakula na kumlipia dawa. Na hoja hii husemwa mara nyingi na watu ambao hawakuwahi kumpa mwenye njaa wala mbwa. Lakini hata ikisemwa na mwenye kutoa, jawabu lake ni kuwa matumizi yana daraja zake: kwanza nafsi, na mke na watoto, na wazee wawili, kisha jamaa, jirani na maskini; wala haifai mtu kumlisha mbwa nyama na watoto wake wala wali mtupu. Ila mabaki ya ugali na wali, na mifupa, na maji ya chungu, hayo si mali ya kumnyima maskini. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohadithia habari za mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, akasamehewa kwa hilo, sahaba waliuliza kama wana ujira kwa wanyama. Akajibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Na kisa mfano wa hicho kimepokewa juu ya mwanamke mzinzi wa Bani Israili, naye pia alisamehewa kwa kumnywesha mbwa. Hakuna katika visa hivyo viwili mbwa aliyekuwa na kazi. Hakuwa wa kundi, wala wa kuwinda. Alikuwa na kiu tu.

Sasa, juu ya yule atakaye kumtwaa mbwa wa namna hii kwa hiari yake. Huyu hakulazimishwa, mlango uko wazi mbele yake, aingie au apite. Lakini akisha kuingia, si wake tena kutoka apendapo. Huruma ya siku moja ni rahisi. Mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na kilema chake hakiponi kwa kuhurumiwa. Kwa hiyo na ajipime kabla ya kumwinua pale njiani: ana mahali pa kumweka nje ya nyumba, palipo pakavu wakati wa mvua kubwa za Kyela? Ana wa kumlisha asafiripo kwenda pwani? Mkewe na majirani wameridhia? Ikiwa jawabu ni hapana, basi kumtafutia mwingine ni kheri kuliko kumtwaa leo na kumtupa mara ya pili kesho, kwani aliyetupwa mara mbili amedhulumiwa mara mbili, na ya pili imekuja baada ya kutumainishwa.

Na akimtwaa, na ajue namna ya kuishi naye. Mbwa kiziwi asiguswe ghafula akiwa amelala, kwani huamka kwa kituko akauma bila kukusudia. Na apigiwe mguu chini autambue mtikisiko, au amulikiwe taa. Afundishwe ishara chache za mkono, zisizobadilika, na watoto wachungao wafundishwe ishara hizo hizo. Mbwa kipofu vyombo vyake vya maji na chakula visihamishwe mahali pake. Mbwa wa miguu mitatu asinenepeshwe, maana uzito wote huangukia miguu iliyobaki. Naye mwenye kulea awe na chombo chake mbali cha mbwa na nguo yake ya kazi, ili tohara ya Sala yake isiharibike. Na ajue kuwa kwa Mashafii kikavu kikigusa kikavu hapana cha kuosha. Tohara na huruma hazikugombana. Hutaka mtu mwenye utaratibu tu.

Na liko jambo ambalo si la kufanyiwa mzaha, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia kwa jeraha. Na dalili zake zikisha kudhihiri kwa mtu, karibu kila aliyepatwa hufa. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kuwa katika Tanzania watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo kila mwaka, na wengi wao watoto. Basi mbwa atwaliwaye, mzima au kilema, kwanza apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali achomwe sindano, asingoje kuona dalili. Haki ya jirani juu ya mwenye mbwa ni kubwa kuliko haki ya mbwa. Mbwa aliyeshikwa na kichaa, au aumaye watu ovyo, huyo ndiye yule aliyetolewa na wanavyuoni katika wenye heshima, na kumwondoa ni kulinda nafsi za watu. Lakini kilema si kichaa, na uziwi si ukali, na asiyetafautisha baina ya mbwa mwenye hatari na mbwa mwenye dhiki ataua asiye na kosa na kumwacha mwenye kudhuru.

Walipokosa kutafautisha watu wa zamani, mambo yaliharibika. Mwaka 1910 wakuu wa mji wa Istanbul waliamrisha mbwa wa njiani wakusanywe, wakachukuliwa makumi ya maelfu hata kisiwa kikavu cha Sivriada katika Bahari ya Marmara, kisicho na chakula wala maji ya kunywa, wakaachwa huko hata wakafa. Mji ule ulikuwa mji wa Waislamu ambao kwa karne nyingi waliwalisha wanyama wa njiani, na waliokuwamo wengi walichukizwa. Na misiba ilipoufikia mji baadaye, wako waliosema kuwa ni malipo ya vilio vile. Yaliyo ghaibu ayajua Mwenyezi Mungu. Ila yaliyo dhahiri ni haya, kuwa hakuna aliyewapiga risasi mbwa wale. Waliondolewa machoni tu, na hilo likaitwa usafi.

Na kwa upande wa kheri, mfano uko karibu. Lamu, mji wa misikiti na punda, tangu mwaka 1987 pana mahali pa kuwatibu punda bila malipo, pakafunguliwa na jumuiya ya Kiingereza iwatunzayo punda, na watu wa Lamu huwapeleka punda wao wenye vidonda na wagonjwa. Hapana aonaye hayo kuwa ni upuzi. Punda ni tohara na mbwa ni najisi, hilo limekwisha kusemwa; lakini kidonda cha huyu na kidonda cha huyu vyauma sawa, na aliyeviumba ni mmoja. Na sharia ya dola nayo imesema neno lake, kwani Tanzania iliandika Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, ikakataza kuwatesa wanyama. Ni aibu Mwislamu kungoja bunge limfundishe jambo ambalo dini yake ilimfundisha karne 14 zilizopita.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni zito kwa watu wa pwani khasa. Ufuo huo wa kaskazini wa Nyasa wawajua watu wa pwani tangu zamani. Katika karne ya 19 walifika huko wafanya biashara wa pembe na watumwa. Na Mlozi bin Kazbadema alijenga ngome yake karibu na Karonga, kusini ya Songwe, akapigana na Waingereza tangu mwaka 1887, hata akanyongwa mwaka 1895. Na katika njia za misafara ile, aliyechoka asiweze kwenda wala kuchukua mzigo, aliachwa njiani. Aliyeachwa hakuwa mbwa. Alikuwa mwana wa Adamu. Wala aliyemwacha hakujiona kuwa ni mwovu. Alisema tu: Huyu hafai tena. Neno hilo ndilo lile lile litumiwalo leo juu ya mbwa aliyevunjika mguu. Wala mbwa hakulinganishwa na mtu. Thamani ya binadamu iko juu kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Kinacholinganishwa ni ulimi na moyo wa msemaji. Moyo uliozoea kumpima kiumbe kwa manufaa yake peke yake haujui mahali pa kusimama. Huanza kwa mbwa, ukafika kwa mtumishi, na mwisho ukafika kwa mzee aliye ndani ya nyumba, asiyeona tena na asiyesikia.

Katika Sura ya An'am Mwenyezi Mungu ametoa habari kuwa wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mfano wa wanadamu. Na imepokewa kuwa kwa sababu mbwa ni umma katika umma, Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuamrisha wauawe wote. Basi mbwa wa Ngana aliyezaliwa kiziwi, au aliyevunjika mguu akiandamana na ng'ombe wa watu, ni mmoja katika umma huo. Mwenyewe aliyemtumia hana ruhusa ya kumtupa. Mpita njia aliyemkuta hakulazimishwa kumtwaa, lakini ana ujira akimnywesha, na ana ujira zaidi akimtwaa kwa kujua alitwaalo, akamweka penye kazi aiwezayo, akamchanja, akaosha aliposhika, akasali Sala yake kwa wakati wake.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu kuzijua haki kabla hawajaulizwa juu yake, na awape huruma kwa walio dhaifu katika viumbe vyake. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.